Wakombozi Tisa

4 Februari

Dada,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Mimi mzima, sijui wewe na mpwa wangu. Wamenihamisha chumba. Huku tuko wafungwa kumi na wanne, dirisha moja, na kila mtu ana lake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo kwa sasa nalala karibu na choo na nimefunga mdomo.

Mkuu wa chumba ni mfungwa mwenzetu, ila amekaa hapa muda mrefu kuliko wote na neno lake ndilo sheria. Hapendi kelele, anapenda karata. Wanacheza ule ule mchezo wa Baba: mbili mkononi mwako, tano za wote zinafunuliwa sakafuni, kwanza tatu, kisha moja, kisha ya mwisho. Tunachezea njiti za kiberiti, usije ukaogopa. Lakini zamu yako ikifika lazima ukae kwenye blanketi, upende usipende. Mimi nimekaa mara moja nikaaibika. Nilikuwa na karata nne za aina ya uru nangoja ya tano, sikujua nibaki au nijitoe.

Wewe ndiye uliyekaa nyuma ya Baba ukimnong'oneza hesabu. Mimi kazi yangu ilikuwa kutumwa sigara. Basi nifundishe. Askari anayesoma barua amesema karata si siri ya serikali, andika tu.

Mdogo wako

13 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugundishwa ovyo. Msalimie huyo askari, mwambie atumie gundi kidogo.

Sisi hatujambo. Bado niko machinjioni, ila wamenitoa kwenye kuosha matumbo wamenipeleka kwenye msumeno. Nampasua ng'ombe mgongoni kutoka mkiani hadi shingoni, akitoka huyo anakuja mwingine, na jioni mabega si yangu tena. Mpwa wako anasema nanuka damu. Namwambia avumilie, hata viatu vyake vya shule vimetoka humo humo.

Haya, sikiliza. Karata inayoweza kukuokoa Baba aliiita mkombozi. Kila aina ina karata kumi na tatu, na tano za aina moja zinashinda jozi na mfuatano. Ukiona uru nne, mbili zako na mbili za sakafuni, zimebaki tisa. Hao ndio wakombozi wako. Usianze kugawanya mbele za watu huku unakuna kichwa. Zikiwa bado karata mbili hazijafunuliwa, zidisha wakombozi kwa nne: tisa mara nne, thelathini na sita katika mia, zaidi kidogo ya mara moja katika tatu. Ikibaki moja tu, zidisha kwa mbili: kumi na nane katika mia, haifiki hata mara moja katika tano. Bado mbili, nne. Bado moja, mbili. Nilipozichanganya hizo Baba alinichapa kwa upande wa mkanda wenye chuma, nami sijazichanganya tena.

Halafu kuna kapu, yaani njiti zote zilizowekwa katikati. Likiwa na njiti thelathini na wewe unadaiwa tano tu, basi unahatarisha tano kupata thelathini. Hata ukishinda mara moja katika sita umetoka na faida. Hapo ingia bila kuuliza mtu.

Baba aliyajua yote haya na bado alikuwa akirudi ameshindwa, kwa sababu alicheza na hasira mkononi. Na akirudi, unakumbuka ni akina nani waliolipa. Wewe chezea njiti zako, ucheke, ulale.

Dada yako

27 Februari

Dada,

Samahani kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Niliteleza bafuni. Mbavu mbili na kiwiko. Daktari amesema vitapona vyenyewe, usifunge safari.

Ile hesabu ya kapu iache. Najua ni sahihi, lakini huku haifai. Niambie nafasi tu, mara ngapi katika mia. Kwanza, mfuatano ulio wazi pande zote, kwa mfano saba, nane, tisa, kumi. Pili, mfuatano wenye tundu katikati. Tatu, nikiwa na jozi mkononi na mwenzangu ana jozi kubwa kuliko yangu.

Nakuomba, dada, habari za msumeno na viatu ziweke kando kwanza. Andika hesabu, na uandike upesi. Zamu yangu inarudi.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Bafu gani hilo linalovunja mbavu mbili na kiwiko kwa mtelezo mmoja? Usinidanganye kwa uongo wangu mwenyewe. Mimi niliteleza bafuni miaka yote ya ndoa yangu, mpaka majirani wakaniuliza kwa nini sinunui ndala zenye meno. Nakuuliza mara moja, kisha ninyamaze: nani amekupiga?

Jibu la kwanza: wakombozi wanane. Thelathini na mbili zikiwa bado mbili, kumi na sita ikibaki moja. Jibu la pili: wanne tu, kumi na sita, kisha nane. La tatu: wawili. Nane, kisha nne. Hao wawili usiwangoje. Mimi niliwangoja kwa bwana yule, kila mwezi nikisema atabadilika, mpaka ulipokuja wewe na nyundo.

Na sikia neno la mwisho. Kujitoa mapema si aibu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Dada yako

2 Mei

Dada,

Kimya changu kisikutishe, ni kimya cha mtu aliyeshiba. Hesabu zako zimekaa kichwani kama jina langu. Hata jina wamenibadilishia, sasa naitwa Hesabu. Nimehama kule chooni, nalala kitanda cha juu. Tangu ulipoandika mara ya mwisho hakuna aliyenigusa hata kwa ukucha. Najitoa mapema, nangoja, na nikiingia nimeshinda.

Sitelezi tena bafuni. Wanateleza wengine.

Kuna mzee mmoja humu ungemcheka. Alikuwa fundi saa, na ndivyo tunavyomwita. Anacheza kwa matumaini matupu. Anangoja wakombozi wawili utadhani wamemwandikia kwamba wako njiani. Juzi nilimwacha aingie mpaka mwisho, mimi nina mfuatano kamili, yeye ana jozi yake na tabasamu. Sasa vidole vyake viwili vimefungwa kitambaa na karata anashika kwa kiganja. Kila akiziangusha chumba kizima kinacheka.

Maswali sina. Mkono wa kulia unaniuma kidogo begani, ni kazi tu.

Hesabu

19 Mei

Mdogo wangu, maana huyo mwingine aliyeweka sahihi simjui,

Mtu mmoja aliyetoka huko kwenu amenitafuta machinjioni. Ana pengo la meno matatu mbele. Nilimwuliza alikujuaje, akasema alikaa na wewe kwenye blanketi. Nilimwuliza meno yamekwenda wapi. Akasema, "Mama, wewe si ndiye uliyemfundisha?"

Amenieleza njiti ni nini. Nilirudi kwenye msumeno nikashindwa kuuwasha, nyapara akadhani naumwa.

Sitaki kuisikia kwa pengo la mtu. Niambie wewe.

Dada yako

1 Juni

Dada,

Barua hii haipiti kwa askari. Inatoka na mtu wa jikoni anayemaliza leo, kwa hiyo nitasema kila kitu.

Njiti moja ni pigo moja. Tunapigia soksi yenye mche wa sabuni ndani. Anayejitoa anapigwa njiti zake mwenyewe alizokwisha weka. Anayebaki mpaka mwisho akashindwa anapigwa kapu lote. Anayepiga ni mshindi, na Mkuu ndiye anayehesabu kwa sauti. Ukipiga kwa huruma anaanza kuhesabu upya. Ukikataa kupiga unapigwa wewe, mara mbili yake.

Sasa unaelewa kwa nini hesabu ya kapu haikufaa. Uliniambia nahatarisha tano kupata thelathini. Huku nilikuwa nahatarisha thelathini na tano, na nikishinda sipati kitu ila kutopigwa. Nilikufuata neno kwa neno, na zile mbavu ndizo zilizolipa. Sikulaumu, hukujua. Nilifanya hesabu upya peke yangu nimelala kifudifudi.

Ulitaka nini, dada? Niendelee kuwa ngoma ya chumba? Hapa ni kupiga au kupigwa, cha katikati hakipo. Wa kwanza niliyempiga nilitapika. Wa pili sikutapika. Huyo mwenye pengo nilimpiga nikiwa nafikiria chakula cha mchana. Vidole vya Fundi Saa nilivisikia vikivunjika, alikuwa ameweka mkono kukinga uso, na unajua nilisikia nini moyoni? Nilisikia raha. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Mwisho wa mwezi huu Mkuu anahamishwa gereza jingine. Kabla hajaondoka anataka mchezo mmoja wa kuagana, watu wawili tu, njiti bila kikomo: mimi na Fundi Saa. Nikimaliza kazi hiyo, chumba ni changu. Miezi yangu iliyobaki nitaimaliza kama mfalme. Yule mzee anakohoa, sidhani kama atafika hata njiti arobaini. Lakini kanuni ni kanuni, na si mimi niliyeitunga.

Hesabu

9 Juni

Mdogo wangu,

Nimekusoma. Sitakuhubiria, umekuwa mtu mzima.

Ila kuna jambo la hesabu lazima nikurekebishe kabla ya huo mchezo wa kuagana. Nimekaa na karata za Baba nikakagua upya. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Ile ya kuzidisha kwa mbili ikibaki karata moja si kweli. Ni nne wakati wote. Ukiwa na uru nne na imebaki moja, nafasi yako ni thelathini na sita katika mia, si kumi na nane. Umekuwa ukijitoa mapema bila sababu. Safari hii usijitoe. Ukiwa na wakombozi tisa, baki mpaka mwisho, weka na njiti zaidi.

Nakutakia ushindi.

Dada yako

11 Juni

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Choma ile barua ya juzi. Usiifuate. Ni uongo wangu. Ni mbili ikibaki moja, imekuwa mbili siku zote, na ningeisahau hiyo ningesahau na kovu lililo mgongoni mwangu.

Nilitaka ushindwe. Nimeandika, na sasa unajua una dada wa aina gani. Nilikaa nikajiambia, akishindwa atapigwa yeye, mzee wa watu ataishi, na ndugu yangu hataua. Nikaona ni hesabu nzuri. Nikaibandika barua nikaitia sandukuni, nikaenda kazini. Walipomleta ng'ombe wa kwanza nikaona mbavu zake zimefunguka mbele yangu nikakuona wewe. Nimelia mpaka wakanirudisha nyumbani.

Siwezi kukuchagulia kipigo. Hilo lilikuwa la Baba, kukaa mezani na kuamua nani aumie leo.

Lakini nitakwambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Siku ile ulipomvunja mume wangu taya na mabega, ulikuja kunitetea, na nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Ila baada ya pigo la tatu alikuwa amekwisha kulala chini. Nilikuita jina. Nilikushika shati. Uligeuka ukanitazama na hukunijua. Ulikuwa unatabasamu, na lilikuwa tabasamu la Baba, meno yale yale. Tangu siku hiyo nimewaogopa watu wawili, na mmoja tu kati yao ndiye niliyeolewa naye.

Chumba chako kipo. Nimekipaka chokaa, nimekuwekea godoro. Nina binti humu ndani ambaye hajui mlio wa mkanda. Ukija wewe, mlango uko wazi. Akija Hesabu, nitafunga kwa komeo, na nitalia nyuma ya mlango, lakini sitafungua.

Cheza kwa hesabu ya kweli. Jitoe mapema. Mungu akulinde wewe na huyo mzee, sijui atawalinda vipi wote wawili.

Dada yako

6 Julai

Dada,

Naandikia kwenye kitanda cha zahanati, kwa hiyo nisamehe mistari inayopanda mlima. Barua hii pia haijapita kwa askari. Nitakwambia mwishoni imekujaje.

Barua zako mbili nilikabidhiwa pamoja, asubuhi ya siku ya mchezo. Askari anayesoma barua alikuwa na malaria, zikamngoja mezani mpaka mwenzake akanipa bila kuzifungua. Nilisoma ya kwanza nikacheka. Dada, nimecheza miezi mitano, unadhani sijui karata moja inakuja mara ngapi? Nilielewa hapo hapo unataka nini. Nilikasirika nikapiga ukuta. Ndipo nikafungua ya pili. Hiyo sikucheka. Niliisoma mpaka mahali pa tabasamu, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kiatu.

Usidhani nilibadilika. Nilikaa kwenye blanketi nikiwa na hasira na wewe, na hasira hiyo nilikuwa na mtu wa kumpa.

Nilipewa kumi ya uru na saba ya uru. Sakafuni wakafunua mfalme wa kopa, tisa ya uru na nne ya uru. Wakombozi tisa, wale wale ulionifundisha siku ya kwanza. Fundi Saa alipomwona mfalme alivuta pumzi, hana uwezo wa kuficha kitu yule mtu. Nikajua ana mfalme mwingine mkononi. Karata ya nne ikawa mbili ya pau, haikunisaidia. Imebaki moja. Fundi Saa akasukuma njiti zake zote kwa kiganja. Nilikuwa nimeweka kumi. Nikijitoa, nala kumi, nalala. Nikibaki nikakosa, nala kapu zima la arobaini na nne.

Barua yako ya uongo ilisema baki. Ya kweli ilisema jitoe. Nilibaki, na si kwa sababu ya barua. Nilibaki kwa sababu mkono wangu uliitaka ile soksi. Nakuambia ukweli wote. Niliitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni.

Mkuu akafunua ya mwisho. Malkia wa uru.

Ilitoka, dada. Mara moja katika tano, ikatoka. Uru tatu zikawa zimelala sakafuni, na mbili ninazo mimi.

Fundi Saa alizitazama zile uru tatu, akanitazama mimi. Akaelewa. Hakulia wala hakuomba. Alianza kuvua miwani yake, akaifuta kwa shati, akatafuta mahali pa kuiweka isivunjike. Akamkabidhi jirani. Kisha akaficha vile vidole viwili kwapani. Nami nikahisi midomo yangu inavutika pembeni. Nilikuwa natabasamu. Nilijigusa kwa mkono kuhakikisha, na kweli, meno yote nje.

Nikazifunika karata zangu, nikazichanganya na zile zilizobaki, nikasema, "Nimekosa."

Mkuu akaniambia zifunue. Nikamwambia karata iliyofunikwa haifunuliwi, ni sheria yako mwenyewe. Nadhani alijua. Akachukua soksi akamrushia Fundi Saa.

Yule mzee hajawahi kumpiga mtu maishani. Akaanza kwa kunigusagusa, Mkuu akaanza kuhesabu upya. Akaanza tena, Mkuu akahesabu upya. Nikamwambia, "Mzee, piga, tumalize." Akapiga. Alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya vile vidole, hana shabaha, soksi inatua popote. Nilihesabu pamoja na Mkuu mpaka ishirini na kitu. Baada ya hapo nakumbuka anasema "samahani" kila anaposhusha, samahani, samahani, na baadaye nikawa naona mdomo unasema lakini sisikii.

Sikio la kushoto limekufa kabisa. Taya limefungwa waya, nakunywa uji kwa mrija. Daktari ameuliza, nikasema nimeteleza bafuni, akaandika. Chumba amepewa mtu mwingine, na mimi nikirudi nitaanzia tena pale chooni. Nitapigwa tena, kwa sababu sitakaa kwenye lile blanketi. Hayo nimeyakubali. Natoka mwezi wa tisa. Mlango ni wako, ufungue au usiufungue. Sitabisha mara mbili.

Sasa jambo la mwisho, na hili nakuomba kwa magoti. Huyu aliyekuletea barua hii, aliyesimama mbele yako sasa hivi na miwani yake, ndiye Fundi Saa. Kifungo chake kinaisha leo ninapoandika. Barua nimeigundisha, hajaisoma. Usingizi hapati, dada. Alikuwa anakuja kando ya kitanda changu kila siku kunishika mguu. Anaamini alinishinda kwa mfalme wake, anaamini kwamba mkono wake ndio ulioniua sikio, na amekuja kukuomba msamaha wewe kwa sababu mimi nimeshindwa kumsikia vizuri.

Mpe kiti. Mpe maji. Mwache aseme yote mpaka amalize, kisha mwambie umemsamehe, hata kama hujamsamehe. Usimwambie kwamba alishindwa.

Mdogo wako